Mkono Begani

Alhamisi, 9 Oktoba, asubuhi

Dada Kit-Ling,

Yan-Yan ameibusu sakafu sasa hivi. Inang'aa mno, kamwona mtoto mwenzake humo ndani, kainama, mwaa! Mama wa usafi aliyekuwa anapita kacheka mpaka kaegemea ukuta.

Shikamoo dada. Mgongo unaendeleaje? Sisi wazima kabisa. Nakuandikia maana kiwandani huwezi kusikiliza ujumbe wa sauti, utasoma wakati wa chai. Nikikosea maneno usinicheke, shule niliiacha mapema kuliko wewe.

Dada, Macau hii! Dhahabu ukutani, dhahabu mpaka chooni. Ndani ya hoteli kuna mto, na juu ya mto wamepaka mbingu ambayo haijui mvua. Ndiyo likizo yetu ya kwanza tangu tuoane, na Wing-Kei anasema chumba hatulipi, wala chakula cha asubuhi. "Mimi hapa naheshimiwa," ananiambia. Nikamuuliza, "Fundi wa viyoyozi wewe, unaheshimiwa kwa lipi?" Akanibana pua.

Ila jana kanichekesha. Tumefika, lango kubwa liko wazi, yeye akatuzungusha na mabegi mpaka mlango wa ubavuni. Nikamwambia, baba Yan, lango la wafalme si hili hapa? Akasema kuna foleni. Foleni yenyewe sikuiona.

Nina furaha, dada. Yale mambo ya karata nadhani kweli ameyaacha, kama alivyoapa mbele ya picha ya mama.

Mdogo wako,
Sau-Fong


Alhamisi, 9 Oktoba, mchana

Mdogo wangu,

Marahaba. Mgongo upo, unanikumbusha umri. Mbusu Yan-Yan, umwambie sakafu ina vijidudu.

Mimi nilisafisha vyumba huko miaka minne, unakumbuka. Sikuwahi kuona mtu anapewa chumba bure kwa uzuri wa sura. Sitaki kukuharibia likizo, lakini niambie: nguo yake ya ndani leo ni ya rangi gani? Usinicheke. Jibu tu.

Dada yako,
Kit-Ling


Ijumaa, 10 Oktoba, asubuhi

Dada,

Shikamoo. Umeamkaje? Yan-Yan kalala vizuri.

Nyekundu. Mpya, bado ilikuwa na karatasi ya dukani. Mimi nilidhani kanivalia mimi.

Jana baada ya kula alisema anashuka kuzungumza na rafiki. Tukaingia naye kwenye lifti. Begani alikuwa na chembe za biskuti za mtoto, nikampangusa. Dada, aliruka kama nimemmwagia maji ya moto! "Umenimaliza! Nani kakufundisha kumshika mwanaume bega?" Watu wote lifti nzima wakatazama viatu vyao. Akarudi juu, akaoga upya, akabadili shati, ndipo akaenda. Amerudi asubuhi hii, mimi namlisha mtoto. Macho yameingia ndani. Akamshika Yan-Yan akamzungusha juu mpaka mtoto akapaliwa na kicheko, kwa hiyo nikajua si mtu mbaya. Unamjua, siku najifungua hakuuachia mkono wangu hata kwenda kunywa maji.

Labda amechoka tu. Ila ameuliza bangili za Yan-Yan ziko wapi, zile mama alizomvalisha siku ya karamu yake ya kutimiza mwezi mmoja. Anasema azitie kwenye sefu ya chini, zisiibwe.

Mdogo wako,
Sau-Fong


Ijumaa, 10 Oktoba, saa nne asubuhi

Fong,

Usimpe.

Anayekwenda kuzungumza na rafiki haogopi mkono wa mkewe. Anayeogopa ni yule anayekwenda kukaa mezani, maana wacheza kamari wanaamini ukimgusa mtu bega umemzimia bahati. Ndiyo maana anaoga tena, kuusafisha mkono wako. Lango kubwa wanalikwepa, wanasema linameza watu. Nyekundu wanavaa ya bahati. Na chumba cha bure hupewa mtu aliyekwisha kuacha vingi pale chini, ili arudi kuacha vilivyobaki. Hajaacha, mdogo wangu. Amekuwa anakuficha.

Sefu yake ni duka la rehani lililo ng'ambo ya barabara, nimelipita kila siku miaka minne. Mama aliyeyusha mkufu wake wa harusi kupata bangili zile. Hakumwachia mjukuu kitu kingine.

Zifukie ndani ya kopo la maziwa ya unga. Vibali vya kusafiria kaa navyo wewe. Usigombane naye, usilie. Kesho nimeomba ruhusa, tangu saa tano nitakuwa mpakani upande wetu. Njoo na mtoto.

Dada yako


Jumamosi, 11 Oktoba, saa saba mchana

Dada,

Niko kwenye foleni ya mpakani. Usiwe na wasiwasi, Yan-Yan yuko mgongoni, mzima. Nawapisha watu wapite mbele yangu, ndiyo maana sifiki. Nisamehe, najua umesimama na huo mgongo.

Asubuhi tulikuwa tunakula uji wa mchele. Yan-Yan kajipaka mpaka kwenye nyusi, akamrukia baba yake, akampiga kiganja kizima cha uji begani, bega la kulia. Wing-Kei akautazama uji ule. Akauliza, "Bangili?" Nikasema sijui. "Fong, mpaka saa kumi tu. Leo naiona bahati kabisa, hela inarudi yote." Akageuza begi. Kopo likaangukia kitandani, unga ukamwagika, na bangili hizo.

Akaokota moja. Na Yan-Yan, dada, akadhani anavalishwa. Akanyoosha mkono. "Baba, vaa. Vaa!" Akamsubiri hivyo, mkono umenyooka, na baba yake kasimama na bangili hajui aitie wapi.

Sikulia. Nikamwendea kwa nyuma, nikamwekea mikono yangu miwili mabegani, kabisa, nikaikandamiza, na uji ukaniingia vidoleni. Nilijua ataruka. Hakuruka. Akasema, "Sasa leo siwezi kwenda popote." Nikamwambia, "Ndiyo maana nimeiweka. Unaweza kwenda nyumbani." Nikachukua ile bangili nyingine na vibali viwili, changu na cha mtoto. Chake nikakiacha juu ya mto wa kitanda. Nikasema nitapanga foleni polepole.

Nimefunga mlango, nikasikia bomba la bafuni limefunguliwa. Sijui anaosha uso, sijui anaoga. Akioga dada, nimeshajua ameenda wapi, na nitavuka, sitageuka. Nimeapa hapa hapa. Bangili moja inatosha kumkumbuka mama.

Wamebaki watatu mbele yangu, na siwapishi tena. Kuna mtu anakuja mbio kule kwenye ngazi, shati ni la bluu kama lile, lakini mashati ya bluu ni mengi. Yan-Yan anarusha miguu mgongoni kwangu, anaita. Ni yeye. Anasukuma watu, wanamtukana, anainua kitu juu kinang'aa, ananiita, "Mama Yan! Fong! Ngoja!" Dada subiri, nataka kwanza nilione shati, amegeuka kumwomba mzee njia, bega la kulia lina uji, umekauka. Hajaoga, dada.