Dobi na vitambaa vya rangi tatu

Ndugu yangu, acha unachofanya usome. Yule mama dobi wa hospitali yetu hana cheo, hana shahada, hana ofisi wala kiti. Leo nusura akose na kazi.

Tangu homa ianze, wagonjwa walikuwa wanazidiwa kwenye foleni. Mama akachana mashuka makuukuu, akayatia rangi, akawa anawafunga mkononi pale langoni. Nyekundu aingie sasa hivi, njano asubiri kidogo, kijani hana haraka. Wiki nzima hatujampoteza mtu kwenye foleni. Hata mmoja.

Leo mkurugenzi karudi safari, anakohoa. Mama kamfunga kijani. "Kaa pale baba, utaitwa." Kakaa saa mbili nzima. Mkurugenzi. Saa mbili, na watu wa mafua.

Akaingia ofisini anafoka. "Karani, andika barua mbili. Dobi afukuzwe. Na wizara iambiwe mpango wa vitambaa ni wangu."

Karani mzee unayemfahamu akavaa miwani taratibu, akaandika ya kwanza. "Sawa mkuu. Ila wizara watakuja kumhoji mwenye mpango. Kijani ni cha nani?"

"Cha viongozi."

"Pamoja na wale wa mafua uliokaa nao?"

Ndugu yangu, mkurugenzi akakitazama kitambaa cha kijani mkononi mwake. Kisha akasema polepole, "Ya wizara, andika jina la dobi."

Barua ya kufukuza imechanwa. Ya wizara, karani huyo huyo ameifunga kwa gundi, na tarishi ameshatoka nayo.