Ukoko wa Tangi

Dada yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, shemeji kifua kimemwachia, na wapwa zangu wanaendelea kula kama watu wanaofukuzwa. Sisi huku hatujambo. Mama ni mzima, anakula, anatembea, anagomba. Mimi nina mchubuko gotini, unaendelea kukauka.

Barua yako niliipata Jumatatu. Nimesoma kwamba chumba cha Mama umeshakipaka rangi na pazia umeshatundika, na kwamba Jumamosi wewe na shemeji mnakuja na gari kumchukua. Kabla hamjawasha hilo gari, nakuomba ukae kitako uisome barua hii mpaka mwisho, bila kuruka mistari kama ulivyozoea.

Unajua kazi hii ya kukagua mizani ya masokoni hainiachi nikae mahali pamoja. Ndiyo maana ofisi ilinipa gari-nyumba: mbele usukani, katikati jiko la plati mbili na meza ya kukunja, nyuma kitanda, ubavuni choo ambacho ukikaa, magoti yanagusa mlango. Chini ya choo kuna tangi. Ukifika kwenye kituo cha magari ya namna hii, unaunganisha mpira mnene kutoka kwenye tangi mpaka kwenye shimo la kituo, unavuta koki, na yote yaliyomo yanakwenda zake. Ndivyo inavyotakiwa kuwa.

Mama alikuja kwa siku kumi, ingawa sasa zimezidi, na sufuria zake tatu na mwiko, maana hakuamini kwamba ndani ya gari kunaweza kuwa na vyombo. Siku ya tatu choo kikagoma. Ukimwaga maji hayashuki, yanakutazama tu. Siku ya nne yakaanza kupanda. Harufu yake siwezi kuiandika kwenye karatasi safi. Jirani yetu wa kulia, daktari wa meno anayezunguka na gari lake kama mimi, alifunga madirisha yote na joto lote lile, kisha akahamishia kiti chake cha kung'olea meno upande wa pili.

Nilitafuta waya mrefu nikausukuma kutoka juu. Ulikwenda kidogo, ukajikunja, ukanirudia. Nikaona nipite chini. Nikaingia uvunguni mwa gari kwa tumbo, nikalegeza mpira. Hapo ndipo nilipochubuka goti, kwa sababu nilitoka kwa kasi zaidi kuliko nilivyoingia. Kilichomwagika hakikuwa kingi, lakini kilijua pa kwenda: kilikwenda moja kwa moja kwenye viatu vyeupe vya msimamizi wa kituo, bwana mmoja tunayemwita Filimbi kwa kuwa hupuliza filimbi hata anapotaka kukusalimia.

Siku hiyo aliipuliza mpaka watu wote wakatoka kwenye magari yao. Akauliza mbele yao nani ametia nini humo chooni. Wote wakanigeukia mimi. Nami, Dada, nikasema ni Mama. Nikasema umri umemwelemea, siku hizi anasahausahau, pengine ametumbukiza kitambaa bila kujua. Mama alikuwa amesimama mlangoni, mwiko mkononi. Alinitazama, akarudi ndani, nikasikia anakoroga kitu polepole kwenye sufuria.

Filimbi alinipa siku tatu: tangi lisafishwe, ama gari liondoke na taarifa ipelekwe ofisini kwetu. Taarifa ya namna hiyo ikifika, gari ningenyang'anywa, na bila gari sina kazi. Alasiri ile ile ndipo nilipokuandikia ile barua ya kwamba Mama ameanza kupoteza kumbukumbu na ni afadhali uje umchukue.

Kesho yake asubuhi Mama alivaa buti zangu za mvua, akaniambia nimchoree hilo tangi lilivyo. Nikamchorea. Akaitazama karatasi kwa muda mrefu, akaigeuza, akauliza ni kipi hutoka kwanza, maji au kile kingine. Nikamwambia maji. Akasema basi huo ni ukoko. Unakumbuka alivyopika jikoni mwa shule miaka thelathini na mmoja, kwenye masufuria ambayo mimi na wewe tulikuwa tunaingia tukakaa wawili. Akaniambia ukoko hupigani nao kwa waya. Unaulowesha, unausubiri, unautikisa.

Tukafunga koki. Tukabeba ndoo za maji ya moto, moja baada ya nyingine, tukamimina chooni na sabuni nyingi ya kuoshea vyombo, mpaka tangi likakaribia robo tatu. Kisha akapanda mbele, akafunga mkanda, akaniamuru niendeshe ile barabara mbovu ya nyuma ya soko. Mimi kwa mazoea nikawa nakwepa mashimo. Akanipiga bega.

"Unakwepa nini? Ingia!"

Nikaingia. Kila shimo tulilopita, tangi lilisema chubwi, na Mama aliitikia kwa kichwa kama anayeonja mchuzi akaona bado kidogo. Lori lililokuwa nyuma yetu lilipiga honi; nadhani dereva aliamini nimelewa. Tuliporudi tukaliacha lilowe hadi kesho yake, tukaenda tena kuyatafuta mashimo ambayo hatukuyapata jana yake.

Siku ya tatu na ya mwisho tuliyopewa, Filimbi alikuja na viatu vyeusi, akasimama mbali. Mama alikagua mara mbili kama mpira umekaza, akavaa glavu, akavuta koki kwa mkono wake. Kwanza kimya. Nikaanza kuwaza nitaanzaje kufungasha. Halafu tangi likakohoa, kikohozi cha mzee anayetaka kuanza hotuba, na mara vyote vikashuka kwa mshindo hata mpira ukawa unarukaruka chini kama nyoka aliyekanyagwa. Daktari wa meno alipiga makofi. Tukasuuza mara mbili mpaka maji yakatoka meupe, na mwisho kabisa Mama akafungulia tangi la pili, la maji machafu ya kuogea, ili sabuni yake ipite ikiosha mpira. Filimbi akapuliza filimbi, mara moja, fupi. Nafikiri zilikuwa pongezi.

Tangu hapo Mama hana nafasi. Alianza na tangi la daktari wa meno, wakafuata wengine. Utamkuta na glavu mpaka viwikoni, anawahutubia wanaume wazima wamesimama kwenye mstari: maji mengi kila unapotumia, karatasi nyepesi, koki ifungwe mpaka tangi likaribie kujaa. Wanamwita Mama Tangi. Nilidhani atakasirika, kumbe anaitika.

Sasa, Dada, hapa ndipo pagumu.

Mama hakutumbukiza kitambaa wala kitu chochote. Tulipofika kituo hiki mimi na gari langu, miezi miwili kabla Mama hajaja, niliivuta koki nikaiacha wazi, ili nisisumbuke kutoka nje kila mara. Nikajiona mjanja. Kumbe maji yalikuwa yanakimbia peke yake, na kile kizito kinabaki, kinakauka, kinapandana mpaka kikawa kichuguu. Na usifikiri nililigundua hilo baadaye. Nililijua nikiwa uvunguni, koki ikiwa mbele ya pua yangu, kabla sijatoka kumsingizia mama yetu.

Ningekaa nalo moyoni mpaka leo. Lakini Jumapili asubuhi nilikuwa natoka bombani na ndoo, nikamsikia Mama ndani, peke yake, anafuta meza huku anataja majina. Ni majina ya wapishi wenzake wa pale shuleni, mwaka kwa mwaka. Alipofika kwa mmoja akakwama. Kitambaa kikasimama. Akarudi mwanzo kabisa, akayataja upya yote, mpaka akalipata, ndipo akaendelea kufuta. Nilisimama nje na ndoo zangu. Alikuwa anajipima, Dada. Alikuwa anatafuta kujua kama ni kweli anasahau.

Nikaziweka ndoo chini, nikaingia, nikamweleza kila kitu. Nilitegemea kofi. Akasema habari ya koki aliijua tangu siku tulipoifunga kwa ajili ya kulowesha, alivyoona ilivyojaa vumbi la kutoguswa, na alicheka peke yake.

"Lakini uliposema nasahau, ulisema kwa uhakika," akaniambia. "Nikasema huyu ndiye ninayekaa naye. Labda ameona kitu ambacho mimi sikioni."

Nikalia. Akaniambia nikalie nje, sakafu ameipiga deki sasa hivi.

Nilipomaliza kulia akanituma kwa Filimbi nikaseme yale yale, na niyaseme kwa sauti, pale pale niliposemea mwanzo. Nikaenda. Watu wakatoka tena kwenye magari yao. Hata mgonjwa wa daktari wa meno alinisikiliza mdomo ukiwa wazi, hana namna ya kuufunga. Filimbi amenipa adhabu ya kusugua mazingira ya lile shimo wiki nzima, na viatu vyake vyeupe nimevifua mwenyewe.

Basi yale niliyokuandikia yafute. Najua yalikukosesha raha, na najua ulikipaka kile chumba rangi kwa machozi. Nisamehe. Jumamosi njooni kama mlivyopanga. Mama anasema atakuja kwako kwa ugeni, atakiona chumba, atakaa atakavyo na kurudi atakapo, ila hatachukuliwa kama mzigo. Anauliza pia kama choo chenu kinashusha vizuri.

Mama ameisoma barua hii mpaka hapo juu, amesahihisha maneno mawili, akasema mwandiko wangu haujakua. Sasa ametoka, kuna gari jipya limeingia kituoni, nami naongeza haya machache. Ukifika, mkumbatie, mle, mcheke, mgombane kidogo kama kawaida yenu. Lakini tafadhali usimuulize leo ni tarehe ngapi. Anaijua. Ila atakaa siku nzima akijiuliza kwa nini umemuuliza.

Nisalimie shemeji, na wapwa wote kwa majina yao. Majirani wanaoniulizia waambie nipo, nasugua.

Ni mimi mdogo wako,
Kitinda Mimba