Taa Nyekundu ya Mita

Jumatano, baada ya Isha. Madungu.

Wala si cherehani. Hilo lazima niliandike kwanza.

Tangu uniti za umeme zianze kuisha upesi, wifi yangu Zuwena, ninayekaa naye nyumba moja, hunikazia macho kila nikishona. Leo alasiri akasema wazi, "Hiyo mota yako ndiyo inayotumaliza, wifi." Niliumia. Kushona ndiko kunakonilisha.

"Njoo tuitazame mita yenyewe," nikamwambia.

Tukazima kila kitu isipokuwa cherehani. Nikashona upindo mzima huku yeye akiitazama ile taa nyekundu, ambayo hupepesa kila umeme unapotumika. Ilipepesa taratibu. Tukazima cherehani, tukawasha friji. Taa ikaenda mbio.

"Ngoja, ikishapata baridi itajikata," nikasema. Tukangoja sana. Haikujikata. Nikapitisha mkono pembeni mwa mlango, nikahisi baridi inatoka. Mpira umelegea.

Humo ndimo tunamoweka sindano za sukari za mama yake, mkwe wangu. Friji haipoi vizuri, na hatujui tangu lini. Naogopa dawa imeharibika, na yeye anaitegemea kila siku.

Zuwena akaibeba dawa mwenyewe mpaka kwenye friji ya jirani. Asubuhi tutaipeleka hospitali watuambie kama bado inafaa.

Aliporudi nilidhani atakwenda kulala. Akasimama tena mbele ya mita.

"Hebu washa feni," akasema.