Mama Mkwe Yumo Kwenye Basi

Jumatano, 6 Agosti
Nimefagia duka, nimepanga vitambaa, nimekaa. Wateja hakuna. Nabwire bado yuko kwa mama yake Lumino, na mtoto. Tuligombana sababu ya ndugu zangu kujaa nyumbani. Ndugu wameondoka, mke hajarudi. Simu zangu hapokei. Namtaka, basi.
Jumamosi kanisa linatupeleka Tororo kutembelea mji wa zamani. Hamu sina.

Ijumaa, 8 Agosti
Auma wa kwaya kapita dukani akicheka. Eti mama mkwe naye anakuja Tororo. Basi moja! Sisi Wasamia mtu na mama mkwe hawatazamani usoni, hawapeani mkono, hawali pamoja. Nitajificha wapi? Nisipokwenda watasema nimekimbia.

Jumamosi, 9 Agosti
Nilikaa mbele karibu na dereva, shingo imekakamaa kwa kuogopa kugeuka. Tororo imechangamka. Maduka ya Wahindi wa zamani, miaka ya kujengwa bado imeandikwa juu ya kuta. Stesheni ya reli. Soko limefurika. Wenzangu wanapiga picha, mimi natafuta kona. Mama mkwe akiingia, natoka. Chakula nimekula nyuma ya basi, wima.
Kisha mwamba, lile jiwe refu juu ya mji, lenye ngazi ya chuma ya kupandia. Nilitangulia kupanda ili nimwache chini. Ujinga mtupu. Nashuka, huyo, ameshafika pale ngazi ya chuma inapoishia. Pa kupishana hakuna. Nikageukia jiwe nikalikumbatia. Yeye akajifunika leso usoni. Halafu akapaza sauti:
“Auma! Ambia ule mtu, bibi hairudi kwa simu. Akuje yeye mwenyewe.”
Auma alikuwa chini kabisa, kwenye basi. Kwaya nzima imesikia. Nimeona aibu mpaka masikio. Nimefurahi pia. Usingizi hauji.

Jumapili, 10 Agosti
Lumino. Mvua kubwa. Sijabisha hodi, mama mkwe akatoka kwa mlango wa nyuma ili niweze kuingia. Nabwire amekonda. Nilikuwa nimejiandalia maneno mengi, yakapotea. Dirishani nikamwona mama mkwe amejibanza kwenye ukuta wa jiko, maji yanamchuruzika.
“Ongea haraka,” Nabwire akasema. “Mama ananyeshewa.”
Nikamwomba arudi. Nikasema nyumba ni kubwa mno bila wao. Alikusanya nguo za mtoto kitandani, akaanza kuzikunja na kuzitia kwenye begi.