Wezi Wamerudi na Mimi Sikucheka

Mwanangu Hawa,

Kabla hujaanza kuhangaika, huku hakuna aliyekufa. Baba yako anakohoa kikohozi chake kilekile, kuku wamefika kumi na mmoja, na uwele umeota vizuri. Barua hii naandika kwa mkono wangu mwenyewe. Tangu uende huko Tabora kusomea uuguzi nimeingia darasa la watu wazima, na sasa nasoma mpaka gazeti lililofungiwa sukari. Nakwambia mapema ili ujue kwamba barua zako sisomewi tena na mtu.

Nianze na sinema. Lile gari la sinema limekuja tena Jumamosi, likasimama palepale uwanja wa shule. Mchana kutwa lilikuwa linazunguka kijijini na kipaza sauti, wale wezi wanne wamerudi, picha ya pili, mtacheka kuliko ya kwanza. Nikasema moyoni, mtu anayekuahidi kicheko kabla hujakiona ana jambo lake. Lakini nilikwenda. Nilikwenda kwa ajili ya ile ya kwanza.

Unaikumbuka ile ya kwanza? Ulikuwa umerudi likizo. Sisi tulikuwa na wiki tatu tu tangu tuhamishiwe hapa kijijini, na tembe letu, ile nyumba yetu ya udongo kule tulikotoka, lilikuwa limekwisha kubomolewa. Mimi nilikuwa sili, wala sisemi na baba yako, kana kwamba yeye ndiye aliyelibomoa. Ukanivuta mkono ukasema, "Mama, twende tukaone Wazungu wanavyoiba." Siku ile kipaza sauti chao kilikuwa kimeharibika, na watu kwenye picha walikuwa wanasema Kiingereza kitupu. Ukakaa nyuma yangu, mdomo sikioni mwangu, ukanifasiria kila neno kwa Kinyaturu.

Wale wezi walikuwa wameiba sanduku la chuma la tajiri, wanalisukuma kwa mkokoteni mchana kweupe. Gurudumu likachomoka mbele ya askari. Yule mwizi mnene akavua kofia, midomo inamcheza. Ukaninong'oneza: "Anasema, shikamoo baba, humu mna vyungu vya mama mkwe wangu, na mwenyewe anakuja nyuma." Mara askari akalishika gurudumu, akalirudisha, akausukuma ule mkokoteni kwa nguvu zake zote huku anatazama nyuma. Nilicheka mpaka nikamwangukia Mama Rehema, na wakati ule bado nilikuwa simjui, ni jirani tu tuliyepewa. Tuliporudi nyumbani nilikula ugali. Baba yako akauliza, "Nani amemponya huyu?" Wewe ukaendelea kuosha vyombo.

Sasa hii ya pili. Wezi ni walewale wanne, ila wana viatu vipya na gari badala ya mkokoteni. Masanduku yamekuwa mawili. Gari likazimika, na askari yuleyule akaja kusukuma. Watu wakacheka kidogo, kama mtu anayeitikia salamu huku anapita.

"Mbona umenuna?" Mama Rehema akaniuliza. "Na hii ina magari."

"Huyu askari ni mtu mzima. Anadanganywaje hivyohivyo mara mbili?"

"Ni mchezo tu, dada yangu."

Labda. Lakini kilichoninunisha kilitokea mapema zaidi. Mwanzoni kabisa walirudia kipande cha ile ya kwanza, ili kutukumbusha. Mkokoteni ule, gurudumu lile, yule mnene anavua kofia. Nikamshika Mama Rehema mkono nikamwambia sikiliza hapa. Safari hii kipaza sauti kilikuwa kizima, na kijana wa gari alikuwa anafasiri kwa Kiswahili. Akasema: "Bwana askari, tunapeleka vitabu shuleni. Tafadhali tusaidie."

Vitabu, Hawa.

Picha ilipokwisha nikamfuata yule kijana, alikuwa anakunja nyaya zake.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Yule mnene, mama mkwe wake umemruka?"

"Mama mkwe? Mama, yule hana hata mke."

"Na vyungu?"

Akanitazama kwa heshima, kama mtu anavyomtazama mgonjwa. "Hakuna vyungu, mama. Sijaruka neno."

Usidhani nimekasirika. Njia nzima nilikuwa nawaza, wakituletea picha ya tatu na ya nne, wakaongeza na ndege, hazitaifikia ile, maana ile niliyoicheka uliitunga wewe. Uliona mama yako anazama ukatafuta cha kumshika. Mungu akulipe. Lakini usingizi haukunijia, kwa sababu nakujua.

Wewe ukiwa na raha husemi. Unakula, unanyamaza, kama baba yako. Ulipovunjika mkono ukiwa mdogo uliingia ndani unasema mbuzi amekuomba mkono ukamsalimia, na mimi nikacheka kwanza ndipo nikauona umevimba. Ulipofukuzwa shule kwa ajili ya ada, siku mbili nzima ulikuwa unamwigiza mwalimu anavyopiga chafya. Vichekesho vyako vina kawaida ya kutangulia jambo.

Basi nikazitoa barua zako nikazisoma mwenyewe, polepole, kidole juu ya neno. Msomaji wa polepole huona mengi. Ya kwanza ni fupi: umefika, chakula maharage, kitanda kigumu, jina la jirani yako wa kitanda ni Veronika. Barua ile naipenda. Ya pili imeanza utani. Ya tatu na ya nne ni utani mtupu, mlezi wenu wa bweni anakoroma mpaka paka wanahama, wewe umenenepa mpaka gauni halifungi. Mama Rehema alikuwa ananisomea, tunacheka, nasema rudia hapo. Sasa nimeona. Humo hutaji tena ulichokula. Veronika hayumo tena. Na likizo mbili hukuja, mara treni ilijaa, mara umechelewa kwa sababu ya kuku wa mlezi. Kuku gani, mwanangu?

Nimekwenda kwa mwenyekiti wa kijiji kuomba barua ya safari.

"Kuna mgonjwa?"

"Sijui."

"Kuna msiba?"

"Sijui."

"Sasa mama Hawa, niandike nini hapa?"

"Andika mama anakwenda kumwona mwanawe."

Akaandika, akagonga muhuri. Alhamisi napanda lori hapa Mkiwa mpaka Itigi, kisha treni. Baba yako atalala kwa kaka yake, amekubali baada ya kubisha siku moja. Barua hii inanitangulia.

Usinunue sukari wala usiazime gauni la mtu. Kama unaumwa, lala hivyohivyo. Kama wamekuondoa chuoni, waachie ujumbe watu wa stesheni waniambie ulipo. Kama ni mimba, itarudi nasi nyumbani, hakuna mtu wa kukupiga. Kama ni mimi tu na hofu zangu, nitakula hayo maharage yenu siku mbili nirudi.

Ila ukinifungulia mlango usianze kusema. Niache kwanza nikutazame.

Ni mimi niliye njiani,
Mama yako