Wiki Niliyokuwa Namba 44

Jumatatu, 12 Agosti
Mazoezi ya futiboli ya Kimarekani yameanza hapa chuoni. Joto la kuchemsha mtu, na upepo unaleta harufu ya mabanda ya nguruwe – yetu yakiwemo, naapa. Tuko hamsini na wawili. Mwaka wangu wa nne, na sijacheza hata mpira mmoja wa kweli, yaani tangu uanzishwe hadi mwenye nao aangushwe. Kocha Bruxvoort kasoma orodha: Wendell Roorda, kikosi cha kuigiza. Tena! Kila wiki tunajifanya wapinzani wa Jumamosi, ili wenye namba zao wajizoeze kutupiga.

Chumba cha kubadilishia nguo kina ile boriti. Ukifika mwaka wa nne na ulishaingia mechini, hata kwa mpira mmoja, unaandika jina lako kwa mkono wako. Hujaingia, huandiki. Kaka yangu Dirk yupo pale, karibu na msumari. Mwaka huu naandika. Nimesema.

Jumatano, 11 Septemba
Wiki hii mimi ni mrefu mmoja wa Nebraska anayekimbia kama bata. Wiki iliyopita nilikuwa mnene anayetema mate kila akiinama. Wenzangu wananiita Kinyonga. Colt, mrushaji wetu, kacheka mpaka kakaa chini kwenye nyasi. Eti hata mama yangu ataniomba kitambulisho mlangoni. Cheka tu, bwana.

Jumamosi, 28 Septemba
Tumefungwa 31–6. Sijaingia.
Baba alikuwa uzioni, palepale pake, na chupa yake ya kahawa. Hajakosa mechi ya nyumbani hata moja – miaka minne anakuja kumtazama mtu aliyesimama! Nikamwambia asihangaike, ni wakati wa kuvuna. Akasema mahindi hayana miguu, yatamsubiri.

Jumapili, 20 Oktoba
Nimekwenda kwa kocha. Nimemwambia wazi: nataka kucheza. Kavua miwani, kaipangusa weee. Akasema hizi mechi tatu tulizoshinda ni kazi yangu, hakuna anayeigiza kama mimi. Nikamjibu, asante kocha, lakini kwenye boriti sioni jina la mwigizaji. Halafu kaahidi: mechi ya mwisho, siku ya kutuaga sisi wa mwaka wa nne, mpira wa kwanza kabisa nipo ndani. Mmoja, kisha natoka.
Mmoja unatosha!! Nimempigia baba hapohapo.

Jumatatu, 11 Novemba
Wiki ya Norrgard. Majirani, dakika ishirini kwa gari, na hatujawafunga miaka sita. Mimi ni namba 44, beki wao wa kati. Jitu lile! Kazi yake ni kuwapita watu wetu watano wa ukuta na kumbwaga mrushaji. Nimetazama video zake mpaka macho yanawasha.

Jumatano, 13 Novemba
Nimempata! Ni kilinda meno chake. Akitaka kuvamia, anakitia mdomoni mapema. Akitaka kubaki nyuma, anakiacha kinaning'inia kwenye helmeti. Nimerudisha video mara ishirini. Hakosei.

Chakula chote cha mchana nimekaa na hiyo siri. Viazi vimepoa kwenye sahani. Nilijua nikisema, kocha atanitaka pembeni mwa uwanja nimsome 44 – na mpira wangu ndio basi. Halafu Colt akaja kukaa mbele yangu, anashusha trei kwa mkono mmoja, mbavu zinamuuma tangu wiki iliyopita. Nikaenda nikasema.

Na ndivyo ilivyokuwa. Kocha kafurahi, kanipiga bega. Akasema tutawashtukiza tangu mpira wa kwanza, kwa hiyo huo siuchezi. Nisimame pembeni na kofia. Nikiivua, Colt ajue 44 anakuja. Tukiongoza sana, mwishoni ataniingiza. "Tukiongoza sana!" Tumeongoza sana lini sisi?
Kisigino cha kulia kimechubuka. Sijui kwa nini, viatu ni vilevile.

Alhamisi, 14 Novemba
Nina hasira. Nilimwambia sawa, kocha. Sawa gani! Lakini mazoezini leo nimekuwa 44 kuliko 44 mwenyewe. Mipira ya Jumamosi ni mingi. Nataka mmoja, na nitaupata.

Ijumaa, 15 Novemba
Baba kapiga simu. Kauliza mpira wa kwanza ni saa saba kamili? Nikamwambia ndiyo, saa saba. Hayo mengine yamenishinda kusema.

Jumamosi, 16 Novemba – mapumziko
Naandika mbiombio, daftari juu ya goti. Mwanzo ulikuwa mtamu! Naivua kofia, 44 anavamia, Colt anarusha nyuma yake mahali alipopaacha wazi. 14–0. Kisha kocha wa Norrgard kanioneshea kidole – yule mwenye kofia! yule! Tangu hapo kilinda meno hakikutoka mdomoni. Colt kabwagwa mara tatu. Gerrit, anayesimama nyuma ya ukuta kumlinda, kateguka kifundo. 14–17.

Kocha kaniuliza mbele ya wote: Roorda, una kingine? Nikasema sina. Aibu gani! Nikakaa, nikavua kiatu maana mguu unawaka moto. Kisigino kinatoka damu. Cha kulia tu.
Cha kulia tu!
44 anakinyanyua kisigino hicho kabla hajavamia. Nimekiigiza wiki nzima bila kujua. Macho hayakukiona, mguu ndio ulikiona.

Nimesimama na soksi moja. Kocha, kisigino! Kanisikiliza, katikisa kichwa: kutoka pembeni utakionaje, katikati ya miguu yote ile? Nikamwambia sitakiona kutoka pembeni. Nitakiona kutoka mahali pa Gerrit.
Mtu kacheka huko nyuma.
"Umewahi kumlinda mrushaji, wewe?"
"Sijawahi, kocha. Lakini nimekuwa 44 wiki nzima."
Colt, mkono mbavuni: "Mwache Kinyonga aingie, kocha. Mbavu ni zangu."
Kocha kanigeukia.
"Helmeti yako iko wapi?"
"Kwenye benchi."
Kocha kaenda mlangoni, kaufungua, na bado kaushika wazi.

Wenzangu wanatoka. Nafunga kamba za kiatu, nakaza. Kalamu ninayo mkononi na boriti iko juu ya kichwa changu, nafasi ipo kati ya Dirk na msumari. Siigusi, bado. Dirishani namwona baba uzioni. Nusu nzima kaniona nimesimama, na hajaondoka, anamimina kahawa.
Kofia naiacha hapa.