Mama Safari wa Chumba Namba Nne

Jumatatu, 9 Machi

Nachambua vitunguu saumu tangu asubuhi. Punje kubwa za mbegu, ndogo za mboga. Vidole vinawasha. Alhamisi nawafundisha akina mama wa Dirma kupanda. Mimi, wa darasa la saba! Walinipigia wenyewe, wakasema wamesikia habari za shamba langu hapa Endagikot. Sikuomba mtu.

Jumatano nalala Katesh, Alhamisi asubuhi bodaboda hadi Dirma. Chumba nimeshalipia kwa simu. Gesti mpya karibu na stendi, namba nne, choo ndani, maji ya moto. Ujumbe wa malipo ninao. Nimeusoma mara nyingi mpaka najionea aibu.

Jumanne, 10 Machi

Wifi Agripina kapiga simu. Dada wa marehemu mume wangu, ana nyumba kubwa Katesh. Kasikia nakuja. Anauliza, nitalalaje gesti kama mtu asiye na ndugu? Nikamwambia nimeshalipia. Akacheka. Akasema hizo gesti za Katesh anazijua yeye, jioni nitakuja kugonga kwake.

Sigongi.

Mume wangu alipolazwa nilikaa kwa wifi miezi miwili. Kila akija mgeni wake, kitanda changu kinachukuliwa. "Wewe si mgeni, lala jikoni." Alisema huku anatabasamu, mbele ya watu. Nililala jikoni, asubuhi nikapeleka uji hospitali. Miaka tisa imepita, bado nina hasira. Nasema ukweli, daftari hili halisomwi na mtu.

Nimepiga pasi gauni la bluu. Kaa likadondoka, likatoboa upindo. Nitalivaa hivyohivyo.

Jumatano, 11 Machi

Nimeshaoga. Maji ni ya moto kweli. Ila mambo ya leo!

Nilitoka na basi la asubuhi. Matope Dongobesh, nikabadili gari Dareda, nikafika Katesh saa tisa. Nikaingia gesti na begi langu na mfuko wa mbegu. Dada wa mapokezi, Paskalina, kafungua daftari lake.

"Mama Safari ameshaingia. Tangu saa sita."

"Mama Safari ni mimi."

Akaniangalia, akaangalia daftari. Limeandikwa hivi: Mama Safari, namba nne, amelipa. Mstari mmoja. Kumbe tumelipa wawili, na pesa zinaingia kwenye simu ya mwenye gesti! Simu ya pili ilipoingia, Paskalina akadhani ni mimi yule yule naulizia chumba changu. Jamani. Huku kwetu ukiita Safari mnadani wanageuka wanaume kumi, na kila mmoja ana mama. Nikamuuliza yeye ni mtu wa wapi. Wa Dongobesh, kwetu huko huko. Sasa si angejua?

Vyumba vyote vimejaa watu wa semina. Akasema atanitafutia nafasi nyuma ya soko, choo cha nje. Nikasema sitoki. Nilichagua hapa, nikalipia hapa.

Simu yangu ikaita. Wifi. Nimefika? Chumba kikoje? Nimesimama na begi kati ya miguu, watu wa semina wananitazama. Nikasema kizuri sana. Uongo mtupu.

Nikamwambia Paskalina amtoe huyo mtu. Kama kuna Mama Safari wa kwenda nyuma ya soko, si mimi. Nilisema kwa sauti na sikuona haya. Akaenda kugonga namba nne.

Akatoka bibi kizee. Mwembamba, jicho moja limefunikwa pamba. Viatu ameshika mkononi, vitu vyake ameshavifunga kwenye kitenge. Alikuwa ametoka usingizini, kaambiwa chumba kina mwenyewe, kafungasha. Akaangalia benchi la mapokezi, akasema pole pole kwa Kiiraqw kwamba yeye si wa kusumbua watu, atalala popote.

Atalala popote. Mimi nilikuwa nasema hivyo hivyo kwa wifi, na godoro nimelikunja kichwani.

Nilijisikia vibaya. Vibaya kweli. Nikamwendea.

"Shikamoo, mama. Rudi ndani. Hakuna anayekutoa."

Akaitikia marahaba, akanishika mkono. Nikamrudisha mwenyewe chumbani, nikamlaza, viatu nikaviweka chini ya kitanda. Ametoka Masieda, kesho asubuhi ana daktari wa macho hapa mjini. Mwanawe Safari yuko Arusha, ndiye aliyemlipia. Chumba ni chake na ni changu. Sasa mtu mwenye makosa ni mmoja tu, mwenye gesti aliyepokea pesa mbili, na hajaonekana.

Nikarudi mapokezi. Nikamwambia Paskalina ampigie mwenye gesti, aje mwenyewe, mimi nangoja. Nikakaa kwenye lile benchi, mgongo wima, tundu la gauni nimelifunika na mfuko wa mbegu. Nikawaza, asipokuja je? Wifi yupo nyuma ya kanisa, dakika kumi kwa miguu. Afadhali kukaa hapo mpaka asubuhi kuliko kugonga kwake.

Mwenye gesti akaja na pikipiki, bado jua halijazama. Kijana, amenuna, anaanza kusema habari za mtandao wa simu. Nikamtazama tu. Akakumbuka adabu, akasema shikamoo. Nikaiacha ikae kidogo. Ndipo nikaitikia. Nikamweleza mara moja: bibi hatoki na mimi sitoki, kwa hiyo kitanda cha pili kiingie namba nne. Akasema hana kitanda. Nikamuuliza nyumbani kwake analala chini?

Kitanda kimeletwa na guta la mizigo kutoka kwake, na godoro, na blanketi jipya la maua. Nadhani ni la mkewe. Paskalina ameomba msamaha. Nimemwambia afute ule mstari aandike miwili, majina yetu kamili. Nimesimama pale mpaka akamaliza. Langu, Theresia Bura. Limekaa vizuri.

Alhamisi, 12 Machi

Nimemsindikiza yule mama kwa daktari kabla sijapanda bodaboda. Kadi yake nimemsomea. Mtoto wa jicho, atapona.

Dirma walikuja akina mama ishirini na kitu, wengine wametoka moja kwa moja zizini. Wamezoea ng'ombe, kitunguu saumu wanakipanda kichwa chini! Tulicheka sana. Ncha juu, nikawaambia, na usimenye. Mmoja mrefu, mwenye bangili za shaba, alinibishia kila neno, halafu akapanda mstari ulionyooka kuliko wangu. Wakaniita mwalimu. Mwalimu! Nilijibu kama nimezoea.

Ijumaa, 13 Machi

Nimerudi. Kuku wamefukua tuta zima. Nimechoka sana.

Jumapili, 15 Machi

Mvua tangu asubuhi. Baada ya ibada wifi kapiga simu. Katesh ni padogo, amesikia yote. Sauti tamu kama chai ya harusi. Ati mlilala wawili chumba kimoja? Ati kitanda cha kuazima? Si nilikwambia?

Nilikuwa na maneno mengi. Ya miaka tisa. Yote yalikuja mpaka mdomoni.

"Nilikuwa na mgeni, wifi," nikasema. "Kitanda nikampa yeye."

Nikasikia redio yake kwa mbali. Halafu akauliza kama mvua huku imenyesha. Nikamwambia imenyesha.

Kesho napanda. Mbegu iliyobaki inatosha mistari sita.